Subira na Uvivu

Subira husifiwa na watu wote, na uvivu hulaumiwa na watu wote. Walakini mtu akitazama kwa mbali ni shida kupambanua kipi ni kipi. Mwenye subira huketi. Mvivu naye huketi. Mwenye subira hungoja. Mvivu naye hungoja. Wote wawili wakiulizwa kwa nini jambo halijatendeka, hujibu kwa methali zile zile: haraka haraka haina baraka, mvumilivu hula mbivu, taratibu ndiyo mwendo. Ikiwa sifa na lawama hugawiwa kwa kutazama namna ya kuketi tu, basi dunia imekuwa ikiwapa wavivu wengi thawabu isiyo yao, na kuwavunjia heshima wastahimilivu wengi kwa kosa wasilolitenda. Yafaa kuulizwa, basi, ni alama zipi zinazotenga subira na uvivu, ili kila mmoja apate stahili yake.

Swali kama hili aghalabu hupelekwa msikitini, kanisani au darasani, na huko hujibiwa kwa maneno makubwa. Hapa litapelekwa uani, penye trekta kuukuu. Chuma kina fadhila moja ambayo wanadamu wengi hawana: hakidanganyiki kwa methali. Aliyekitunza hukikuta kimetunzika, na aliyekiacha hukikuta kimeachwa, hata akisema maneno mazuri namna gani.

Na ichukuliwe kwa mfano familia moja ya Talatala, wilayani Kyela, katika uwanda ulio baina ya Milima ya Livingstone na mpaka wa Malawi, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Nchi ile ni nchi ya maji. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na udongo wenye rutuba, na masika yakikolea maji huvuka kingo yakaingia mashambani. Kwa neema hiyo Kyela hupata mpunga unaosifiwa nchi nzima kwa harufu ya wali wake, pamoja na kakao, michikichi na migomba. Lakini maji yale yale yanayolisha mpunga hula chuma. Baba wa familia hii aliacha trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na ambayo wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua kuliko nyingine. Alipofariki, trekta lilisogezwa chini ya mwembe, na bomba lake la moshi likabaki wazi kuelekea mbinguni. Misimu mitatu ya mvua ilipita.

Injini ya trekta hilo ina silinda tatu, na kila silinda ina valvu mbili: moja ya kuingizia hewa na moja ya kutolea moshi. Valvu ina umbo la uyoga wenye shina refu. Shina hilo hupanda na kushuka ndani ya kijibomba cha chuma, na nafasi iliyo kati yao haizidi sana unene wa unywele. Mkono mdogo uitwao roka huisukuma valvu ifunguke. Springi huivuta irudi kufunga. Sasa injini izimwapo, haikomi valvu zake zote zikiwa zimefungwa. Moja au mbili hubaki wazi, kwa kadiri ya mahali mzunguko ulipokomea. Unyevu hushuka kwa njia ya bomba la moshi hadi kwenye valvu iliyo wazi, na shina lake huota kutu. Masizi ya zamani na mafuta yaliyoganda kama utomvu hukamilisha kazi. Nafasi ile ya unywele ikijaa, springi haina nguvu tena ya kuirudisha valvu mahali pake. Silinda isiyofunga haiwezi kuikandamiza hewa, na katika injini ya dizeli hewa isiyokandamizwa haipati joto la kuwasha mafuta. Hivyo trekta lenye uzito wa zaidi ya tani moja hushindwa na kutu ambayo ingeenea juu ya ukucha wa kidole.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba valvu hiyo haikukwamishwa na kazi. Trekta likilima kila msimu, mafuta hupita juu ya mashina, joto hukausha unyevu, na mwendo wenyewe husafisha njia. Madhara yalikuja siku ambazo hakuna aliyeligusa. Watu huzoea kudhani kwamba kitu huchakaa kwa kutumika na hupona kwa kupumzika. Kwa vitu vingi ni kweli, lakini kupumzika ni kusimama chini ya ulinzi, na kutelekezwa ni kusimama bila mlinzi. Kwa macho ya mpita njia hali hizo mbili ni moja.

Mbele ya trekta hilo watu wa namna tatu wanaweza kusimama. Wa kwanza ni mwenye nguvu. Mvua za kwanza zimeanza, jirani wamekwisha kugeuza udongo, naye ameamka na hamaki. Huazima betri, huilazimisha starta kuzungusha injini, na ikikataa hufunga mnyororo nyuma ya trekta la jirani ili la kwake livutwe likiwa limetiwa gia. Hajui, au hataki kujua, kwamba katika injini ya dizeli nafasi kati ya kichwa cha pistoni na valvu ni finyu mno. Pistoni ikipanda na kuikuta valvu imeng’ang’ania wazi, hakuna wa kumpisha mwenzake. Shina hupinda, au fito za kusukumia roka hupinda, au pistoni yenyewe hupasuka. Ila ambayo ingeondoka kwa mafuta na siku chache sasa hutaka vipuri kutoka Mbeya na fedha ambazo hazimo nyumbani.

Wa pili ni mvivu. Huyu hafungi mnyororo wala hashiki spana. Husema trekta ni zee, liachwe, fundi atapatikana, mwaka huu mvua imekwisha kushika, litatazamwa mwakani. Akisemeshwa hukumbusha kwamba mwenzake wa mnyororo ameharibu injini kwa pupa, na kwa hoja hiyo hujihesabu kuwa mwenye busara. Kosa la mwingine limekuwa mto wake wa kulalia.

Wa tatu hufungua kwanza mfuniko wa juu wa injini na kutazama. Hubonyeza valvu moja moja, akatia alama zilizoganda. Huondoa roka ili fito zisilazimishwe, na haizungushi injini hata kidogo maadamu iko valvu iliyokwama wazi. Huchanganya dizeli na mafuta mepesi, akadondoshea kwenye kila shina, kisha huondoka. Kesho yake hurudi, akadondoshea tena. Siku ya tatu huchukua kipande cha mti mgumu na nyundo ndogo, akagonga kichwa cha shina kwa upole, akisikiliza. Valvu ikishuka unene wa karatasi, haigongi zaidi. Huiinua juu tena, akatia mafuta, akaishusha tena. Kila safari shina husafiri mbali kidogo kuliko safari iliyotangulia, na mafuta meusi yenye kutu hutoka. Valvu ikianza kurudi kwa nguvu ya springi yake yenyewe, huiacha, akaenda kwa inayofuata. Zote zikiwa huru ndipo anapoondoa nozeli ili hewa isishindane naye, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, mizunguko miwili kamili, mkono wake ukiwa tayari kusimama mara tu ausikiapo ugumu usio wa kawaida.

Hesabu ikifanywa, katika siku tatu hizo mtu huyu hakufanya kazi kwa zaidi ya saa chache. Saa nyingine zote alikuwa akingoja, kama mvivu. Ni nini, basi, kinachomtofautisha naye?

Alama ya kwanza ni kwamba kabla ya kungoja alitenda. Kungoja kwake kulikuwa na kitu ndani yake: mafuta yalikuwa yakipenya wakati yeye amelala. Mvivu hungoja mahali ambapo hakuna kinachopenya. Wakati peke yake hautengenezi chochote. Ulioachiwa kutu huzidisha kutu, na ulioachiwa mafuta huzidisha mafuta. Hivyo wakati ni mtumishi asiyebagua, naye hufanya kazi ile tu aliyokabidhiwa.

Alama ya pili ni kwamba alirudi. Subira ina macho, na kila asubuhi hukagua kama jana imeleta faida. Mwenye subira aweza kuulizwa leo, “Hali ikoje?” naye akajibu kwa habari. Mvivu akiulizwa hujibu kwa tumaini, kwa kuwa habari hana.

Alama ya tatu ni kwamba anajua mpaka wa kungoja kwake. Valvu ikikataa baada ya siku za kutosha, mtu huyu haendelei kudondosha mafuta hadi kiyama. Hufungua kichwa chote cha injini, akaitoa valvu, akasafisha kijibomba chake, akaisaga valvu ikalie vizuri kiti chake, na ikiwa shina limeliwa mno, hukubali kwamba sharti inunuliwe nyingine. Subira isiyo na mpaka ni jina la heshima walilopewa watu waliokata tamaa.

Kwa alama hizi tatu huonekana jambo ambalo halikuonekana mwanzo, kwamba nguvu za pupa na uvivu, ambavyo watu huvihesabu kuwa vitu vilivyopingana, ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye mnyororo wa leo ndiye aliyekuwa mvivu wa mwaka jana. Angalilitazama trekta mara moja kwa mwezi, asingalihitaji hamaki ya siku moja. Pupa ni uvivu ulioamka umechelewa, na hutaka kulipa kwa misuli deni lililokopwa kwa siku. Lakini deni la siku hulipwa kwa siku. Hiyo ndiyo sababu subira huonekana chungu kwa mtu aliyezembea: humfanya arudishe, moja moja, zile saa alizodhani amezipata bure.

Yapo majibu ya kupinga maneno haya, nayo yanastahili kusikilizwa. Mkulima atasema kwamba mvua haina subira. Majira ya kulima yakipita hayarudi kwa ajili ya mtu mwenye busara, na mpunga uliochelewa kupandwa haujali kama aliyeuchelewesha alikuwa mvivu au mstahimilivu. Ni kweli. Lakini haraka iliyo halali ni ile ya kuanza mapema, wala si ile ya kumaliza kwa kishindo. Historia ya nchi yenyewe inatoa ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ilianzisha katika Tanganyika mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango uliotolewa mwaka 1946 ulitaka zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe. Kwa kuwa matrekta mapya hayakupatikana upesi, yalinunuliwa makuukuu yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa mitambo ya kung’oa miti. Vipuri vilikuwa haba, mafundi walikuwa haba, udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, na kabla mwaka 1947 haujaisha matrekta mengi yalikuwa yamelala yameharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimeteketea. Fedha zilikuwapo, na bidii ilikuwapo. Kilichokosekana ni muda wa kuutazama udongo na kuiandaa mitambo kabla ya kuituma kazini.

Ushahidi wa upande wa pili uko katika ziwa jingine, Tanganyika. Wajerumani waliunda huko Kigoma meli ya Graf von Götzen, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya adui zao, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Meli ilikaa chini ya maji, na mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mitambo yake ingali yafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya pwani zile kwa miongo mingi. Yatakiwa kupima mambo mawili haya kwa mizani moja. Meli ilisimama miaka mingi ndani ya maji ikapona. Trekta lilisimama misimu mitatu chini ya mwembe likakwama. Urefu wa kusimama haukuwa hoja. Hoja ilikuwa yale yaliyotendwa saa ya kusimamisha. Na watu wale waliopaka grisi hawakuwa na hakika kama watakaofaidi ni wao, au watoto wao, au adui zao. Walitimiza wajibu wa fundi kwa chombo chake. Ikiwa mtu aliyeshindwa vitani aliweza kufanya hivyo kwa meli ambayo hakuwa na hakika ya kuiona tena, mwana hana udhuru wa kushindwa kufunika kwa kopo bomba la moshi la trekta la baba yake.

Lakini uani mle Talatala liko jambo zito kuliko valvu. Trekta lilisimama kwa kuwa warithi walisimama. Ndugu mkubwa yuko Mbeya kwa kazi, naye anataka liuzwe. Mdogo yuko nyumbani, anataka libaki, lakini hathubutu kuligusa asije akaambiwa amejimilikisha. Kati yao yuko dada, mjane, ambaye ndiye hasa mwenye kulima mpunga. Kila mwaka hukodi plau ya ng’ombe au trekta la mwingine, na kwa kuwa fedha yake hupatikana mwisho, zamu yake nayo huja mwisho. Mbegu zake hutiwa udongoni wakati mpunga wa jirani umekwisha kusimama. Akiuliza juu ya trekta la baba, hujibiwa, “Subiri, dada, mambo ya urithi hayataki haraka.”

Neno hilo lipimwe kwa alama tatu zilizotajwa. Je, kabla ya kumwambia asubiri, ndugu wametenda nini? Hawakukutana hata siku moja. Je, wamerudi kutazama? Kila mmoja huogopa kurudi kwenye jambo hilo. Je, wanao mpaka wa kungoja? Hawajautaja. Basi walichomwagiza dada yao si subira. Wamemtaka alipe kwa mpunga wake uvivu wao wa kusema, nao wakaufunika uvivu huo kwa neno tukufu. Hapo ndipo ubaya wa kuchanganya mambo haya mawili unapofika kilele chake: mvivu kwa kawaida haumii peke yake, na subira anayoihubiri mara nyingi hubebwa na mgongo wa mtu mwingine. Si ndugu hawa peke yao wafanyao hivyo. Mwenye deni humwambia mdai asubiri; mwenye mamlaka humwambia mwenye shida asubiri; mwenye kushiba humsifia mwenye njaa uzuri wa kustahimili. Subira ni wema mtu anaoutenda kwa gharama yake mwenyewe. Anayeigharimia kwa saa za mwingine hana haki ya kuiita yake.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hili tangu zamani. Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1930 na kuchapisha mwaka 1957 kitabu juu ya ibada zao za ukoo, ameeleza kwamba kwao hasira iliyofichwa moyoni ilihesabiwa kuwa hatari kwa afya ya jamaa nzima, na kwamba ndugu waliokutana kwa ibada walitakiwa waseme ugomvi wao kinywani kwanza, maana mapatano ya watu wanaonyamaza hayakuaminiwa. Hekima hiyo haikuwa ya haraka, kwa sababu watu waliketi muda mrefu wakisikilizana. Wala haikuwa ya uvivu, kwa sababu waliketi ili neno lililokwama litoke. Ndugu wa Talatala wangekaa siku moja chini ya mwembe ule wakasemezana, huenda mazungumzo yangekuwa magumu na yakahitaji siku ya pili na ya tatu. Siku hizo zingekuwa za subira ya kweli, kwa kuwa kila siku ingelegeza kidogo.

Huenda pia, baada ya kutazama vizuri, ikaonekana kwamba trekta halifai tena, na kwamba kauli ya ndugu mkubwa ilikuwa kauli ya haki: liuzwe, fedha zigawanywe, dada anunue ng’ombe wawili wa kuvuta plau. Mwisho kama huo hauivunjii subira heshima. Kukitupa kitu baada ya kukipima ni uamuzi, na kukiacha kijitupe chenyewe ni kuukimbia uamuzi. Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960 aliwahimiza wakulima watumie plau za ng’ombe walizoweza kuzimudu badala ya kungojea matrekta ambayo nchi haikuwa na uwezo wa kuyanunua na kuyatunza. Na shamba lililolimwa kwa wakati wake kwa ng’ombe wawili halina la kuonea haya mbele ya trekta lililolala chini ya mwembe.

Kwa hiyo mtu anayeambiwa asubiri ana haki ya kuuliza maswali matatu bila kuhesabiwa mkosefu wa adabu: ni kazi gani iliyokwisha kufanywa, ni lini itatazamwa tena, na ni siku gani kungoja kutakwisha. Anayemwambia hivyo, ikiwa kweli ni mwenye subira, hatachukizwa na maswali hayo, kwa sababu majibu yake anayo mkononi. Na mtu anayejiambia mwenyewe asubiri ajiulize maswali yale yale peke yake usiku, mahali ambapo hakuna wa kumwonyesha methali.